Kamba ya Katani Ndani ya Injini

Neno kuvuja, kwa upande wa injini, lina tarehe yake ya kuzaliwa. Tumezoea kudhani kwamba tangu mtu wa kwanza alipowasha gari, oili ikidondoka chini ilihesabiwa kuwa ni ubovu. Sivyo hata kidogo. Magari na pikipiki nyingi za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 ziliundwa ili oili iingie tone kwa tone, ilainishe beringi, kisha iungue au ipotelee barabarani. Ndege za Vita Kuu ya Kwanza, zile ambazo injini yake nzima ilizunguka pamoja na pangaboi, zilitumia mafuta ya nyonyo, nayo yalitapikwa nje na moshi hata yakamlowesha rubani uso na kifua. Hakuna aliyesema ndege inavuja. Ilikuwa inafanya kazi.

Kuvuja kulikuja kuwa kosa pale waundaji walipoamua kwamba oili ileile irudi chini kwenye sampu, ivutwe na pampu na kuzunguka tena, siku nenda siku rudi. Tangu hapo injini ikawa kama chungu kilichofunikwa, ila ni chungu cha vipande vingi vilivyoungwa, na kila penye kiungo pana ugomvi kati ya chuma na majimaji. Nimetumia karibu miaka miwili ya ustaafu wangu katika ugomvi huo, nikifufua pikapu aina ya Land Rover mia na tisa, Series III, ya mwaka 1974, iliyokuwa juu ya mawe uani kwangu tangu mwaka 2006. Niliyoyakuta humo si ya ufundi peke yake, ndiyo maana nayaandika katika kitabu ambacho hakihusu magari.

Maungio ya injini ni ya namna mbili. Kuna yale ambayo chuma kimekaa juu ya chuma na havisogei, kama mfuniko wa juu ya vali au sampu yenyewe. Hapo huwekwa gasketi, ambayo ni karatasi ngumu, au gome la mti ule wa mwaloni unaokuzwa Ureno na Hispania, ambao hutupatia pia vizibo vya chupa za mvinyo. Ukikaza bolti, gasketi hujaza vibonde vidogo ambavyo jicho haliyaoni. Kazi hii si ngumu, inataka uso safi na mkono wenye subira. Namna ya pili ndiyo yenye taabu. Nyuma ya injini, mhimili mkuu, ambao mafundi huuita krankishafti, lazima utoke nje ukaizungushe flaiwili na klachi. Basi pana tundu ambalo chuma kinazunguka ndani yake mara elfu mbili au tatu kwa dakika, na oili imejaa upande mmoja, nasi tunataka chuma kipite lakini oili isipite.

Tatizo hili ni kongwe kuliko gari. Mafundi wa mitambo ya mvuke huko Uingereza, akina James Watt katika karne ya 18, walikabiliana nalo walipotaka pistoni iende na kurudi bila mvuke kupenya pembeni. Walichukua katani ya Ulaya, itokanayo na mmea ulio ndugu wa bangi (wanafunzi wangu wangalifurahia sana habari hii), wakaisokota, wakailoweka katika mafuta ya wanyama, kisha wakaishindilia kuzunguka chuma. Baadaye ikaja ngozi. Kamba nayo haikufa: magari mengi ya Marekani ya katikati ya karne ya 20 yalitoka kiwandani yakiwa na kamba iliyoshindiliwa nyuma ya krankishafti, na hata Jaguar, gari la mabwana wakubwa, lilikuwa nayo katika injini yake mashuhuri ya silinda sita. Mabadiliko makubwa yaliletwa na wanakemia wa miaka ya 1930. Raba ya mpira wa asili huvimba na kulegea ikikaa na oili. Wao waligundua raba za maabara zisizodhurika hivyo, na kutokana nazo zikatengenezwa sili zenye mdomo mwembamba unaobanwa juu ya chuma kwa springi ndogo kama uzi. Land Rover yangu iliundwa kwa sili ya namna hiyo, iliyokatwa mahali pamoja ili iweze kuvishwa, ikikaa ndani ya vishikio viwili vya nusu duara.

Nitasema neno juu ya gari lenyewe, kwa sababu nitalihitaji baadaye. Land Rover ilizaliwa na uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na huko alitumia jipu kuukuu la jeshi la Marekani. Alipotaka kuunda gari la namna ile, chuma cha pua kilikuwa kikigawiwa kwa kibali cha serikali, lakini aluminiamu ilikuwapo. Bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, tena bapa, yenye kona rahisi, ili isihitaji mashine za gharama. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Yale yaliyofanywa kwa kukosa, leo waandishi wa vitabu vya magari huyasifu kama busara kubwa, nami sina ugomvi nao.

Waundaji hao walikuwa pia watu wa kweli. Chini ya nyumba ya flaiwili waliacha tundu, wakatoa na kizibo chake cha skrubu. Kitabu cha mwenye gari kinaelekeza kwamba kizibo kifungwe tu pale gari linapokwenda kuvuka maji au tope zito. Siku nyingine zote tundu libaki wazi, ili oili itakayokusanyika humo ichuruzike nje na isifike kwenye klachi. Yaani walijua. Madereva wa zamani walikuwa na utani kwamba Land Rover isiyodondosha oili, basi oili imekwisha.

Ya kwangu haikudondosha, ilimwaga. Kabla haijawekwa juu ya mawe ilikuwa inakula lita moja kwa safari ya kwenda mjini na kurudi, na tulipoiwasha tena baada ya miaka mingi, chini yake pakawa bwawa. Mafundi watatu waliitwa, wote wakatoa hukumu moja. Yule kijana, ambaye ndiye hodari kuliko wote katika gereji bubu za mtaani kwetu, alilala chini dakika mbili akainuka.

“Mwalimu, hapa hakuna cha kubisha. Sili ya nyuma imekwisha, na injini yenyewe imechoka. Tuitoe, tuweke ya Kijapani ya dizeli. Utanishukuru.”

Ushauri huo haukuwa wa kijinga. Land Rover nyingi hapa nchini zimefanyiwa hivyo, nazo zinatembea. Lakini nilifundisha historia kwa miaka zaidi ya 30, na jambo nililolirudia darasani ni kwamba mahali habari inapoonekana si lazima pawe mahali ilipoanzia. Oili hushuka kwa uzito wake, na gari likienda, upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo karibu kila kinachovuja juu na mbele kitakuja kuonekana chini na nyuma, pale pale penye sili inayosingiziwa. Nikaomba tuoshe kwanza.

Tuliosha kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, siku tatu. Injini ilipokauka niliipaka unga wa chaki, kitu ambacho nyumbani kwangu hakijapata kukosekana. Tuliiwasha dakika kumi tukaizima. Palipovuja, chaki iligeuka rangi kama udongo wa mfinyanzi. Mistari ilianzia juu kabisa, chini ya mfuniko wa vali, mwingine ukaanzia kwenye mfuniko wa ubavuni, na mwingine penye chujio la oili. Sehemu ya nyuma, kwa dakika zile kumi, ilitoa jasho tu.

Hapo ndipo nilipomwita mzee mwenzangu mmoja, fundi aliyestaafu kabla yangu, ambaye kazi yake yote aliifanya katika karakana za serikali. Alikuja na fimbo yake, akaketi juu ya ndoo, akauliza swali moja: “Inapumua?” Nikamwelewa polepole. Katika kila injini, hewa ya moto kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni ikaingia chini kwenye oili. Isipopata pa kutokea, huisukuma oili nje kwa kila ufa, na hapo hata gasketi mpya haina kauli. Injini hii hupumulia kwenye kifuniko cha kujazia oili, chenye waya wa chujio ndani yake, ambao kitabu kinataka uoshwe kwa petroli mara kwa mara. Wa kwetu ulikuwa umeziba kwa masizi kama chungio la kahawa. Mzee akaupeleka mdomoni, akapuliza, mashavu yakajaa kama ya mpiga tarumbeta, na hakuna hewa iliyotoka.

Kisha tukafungua, na kuanzia hapo kazi ilikuwa ya kuchimbua.

Chini ya mfuniko wa juu mlikuwa na gasketi iliyokatwa kwenye tyubu ya tairi. Ilikuwa imevimba na kulegea kama ilivyotazamiwa, na chini yake yalikuwa yamebaki mapande ya ile ya awali ya gome la mwaloni, makavu kama magamba ya mjusi. Ubavuni gasketi ilikuwa ya karatasi ngumu. Niliibandua kwa wembe, nikaigeuza, nikakuta maandishi. Lilikuwa jalada la nyuma la daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha, na ingawa oili ilikuwa imeligeuza kahawia, mstari wa saba ulisomeka mpaka saba mara tisa. Nililikalia kitako kitambo. Katika miaka ya Elimu kwa Wote, daftari lilikuwa mali. Mwanafunzi alijaza kurasa, kisha akajaza pambizo. Mtu aliyetoa jalada lake kwa ajili ya injini alitoa kitu.

Miaka ya mambo haya inaweza kukadiriwa. Pikapu hii ilikuwa ya idara moja ya serikali, nami niliinunua mnadani mwaka 1989. Tangu hapo mfuniko ule wa ubavuni haukufunguliwa, wala giaboksi haikushushwa. Nalijua hilo kwa sababu mlipaji angekuwa mimi. Kwa hiyo kazi ile ilifanywa kabla ya 1989, na haikuwa mapema sana, maana gari jipya la 1974 lisingehitaji vile. Na msomaji wa rika langu anaijua miaka iliyo katikati. Bei ya mafuta ilipanda baada ya vita vya Oktoba 1973 kule Mashariki ya Kati, ikapanda tena baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari mwaka huo, usifunguliwe mpaka Novemba 1983; spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikawa mbali kama za mwezini. Katikati ya hayo Idi Amin akaivamia Kagera, Oktoba 1978, na nchi ikaingia vitani mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 1979. Fedha za kigeni zikakauka. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia alasiri. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wako walioitupa bidhaa yao usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Milango ya biashara ilianza kulegezwa 1984, lakini gasketi ya injini ya Land Rover haikurudi dukani kwa hotuba ya bajeti.

Ilibaki sehemu ya nyuma. Katika gari hili, ili uifikie sili hiyo, unang'oa sakafu na sanduku la viti, kisha giaboksi unainyanyua kupitia ndani ya kabini na kuitoa mlangoni. Ni kazi ya siku mbili na vijana wanne. Fundi kijana alivifungua vishikio vya nusu duara, akaingiza bisibisi, akavuta. Haikutoka raba. Ilitoka kamba.

“Mungu wangu,” alisema, “hawa wazee walikuwa wanabahatisha tu.” Akaitupa juu ya gunia.

Mzee hakumjibu. Aliinama, akaiokota, akaisugua kati ya vidole viwili, akainusa. “Katani,” alisema. “Imechemshwa kwa mafuta ya ng'ombe na grisi. Tulikuwa tunaisokota ikiwa mbichi, tunaipiga kwa nyundo ya mbao mpaka ikae mraba, tunaikata ikiwa ndefu kidogo kuliko nafasi yake, ili ikikazwa ijibane yenyewe. Ukiikata sawasawa, inavuja.”

Nilimuuliza walifundishwa wapi. Akasema hawakufundishwa. Sili hazikuwapo, na katani ilikuwapo.

Nataka tuitazame kamba ile kwa haki. Mkonge uliletwa kwetu 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Marekani; miche 62 iliyonusurika safarini ilipandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo likatoka zao ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa linatupatia zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka. Kisha nyuzi za viwandani zikauangusha mkonge sokoni. Zilitoka katika ukoo uleule wa kemia: kampuni ya DuPont ya Marekani, katika miaka ileile ya 1930, ndiyo iliyozaa nailoni na pia mojawapo ya raba za kwanza zisizoharibiwa na oili. Kemia iliyoitoa kamba katika injini ndiyo iliyotunyang'anya soko la kamba. Halafu, katika miaka ambayo hatukuweza kununua raba, watu wa karakana moja, kwa akili yao, waliirudisha katani mahali ambapo Watt angeitambua mara moja, na mafuta ya mnyama ndani yake, na kipimo kile cha kuzidi kidogo ambacho wenye viwanda vya Marekani nao walikizingatia. Injini ilirudi nyuma miaka mia mbili, ikaendelea kutembea. Bodi ya aluminiamu ya mwaka 1948 inaitwa ubunifu. Sioni sababu ya kuiita hii kubahatisha.

Wala sitaki nieleweke kwamba naisifu dhiki. Ile raba ya tyubu ilikuwa kazi mbaya, na aliyeikata yamkini alijua kuwa ni mbaya. Watu walikufa kwa kukosa gari la kuwafikisha hospitali wakati magari yamepangwa kwenye uzio kwa kukosa kipuli cha thamani ya soda mbili. Hakuna mtu timamu anayeitamani miaka ile. Lakini wingi wa leo nao usitufumbe macho. Sili ya kwanza tuliyoinunua mjini ilikuwa ndani ya boksi zuri, ngumu kama plastiki ya ndoo. Mzee aliikunja kidogo ikapasuka, tukarudi dukani. Na huu mtindo wa kupaka silikoni kila kiungo mpaka itoke nje kama kamasi, nauchukia. Ile inayoonekana nje si tatizo. Nyingine kama hiyo imeingia ndani, na siku moja itakatika na kuziba chujio la pampu.

Sili ya pili ilikuwa ya kweli. Ikavishwa, springi yake ikaunganishwa, na vile vipande vidogo vyenye umbo la herufi T, vinavyokaa ubavuni mwa kifuniko cha beringi ya nyuma, vikaingizwa vipya. Fundi kijana ndiye aliyefanya kazi yote, mzee akiwa juu ya ndoo yake. Gasketi ya juu ilipatikana ya gome. Ile ya ubavuni niliikata mwenyewe kwenye karatasi maalumu, nikitumia lile jalada la daftari kama kielelezo, kwa kuwa matundu yake yalikuwa yamekatwa sawasawa kabisa. Waya wa pumulio uliloweka usiku kucha katika petroli. Bolti zilikazwa kwa zamu, kidogo kidogo, za kati kwanza.

Siku tuliyorudisha giaboksi, kijana alimuuliza mzee kama katani ingeweza kutumika kwenye pampu ya maji ya kisima cha jirani, maana sili yake haipatikani. Wakazungumza kwa muda mrefu juu ya unene na usokotaji, mimi sikuhitajika. Kamba yenyewe niliitia katika kopo la kahawa pamoja na jedwali la kuzidisha, nikaandika juu ya kopo: kabla ya 1989.

Pikapu imekwisha tembea zaidi ya kilomita 3,000 tangu hapo. Inadondosha kiasi cha kifuniko cha soda kwa juma, kupitia tundu lile la chini ya flaiwili, ambalo tumeliacha wazi kama kitabu kinavyoelekeza.